Ndevu za Mke wa Mwokaji

Hakuna mtu anayejua ugomvi wa nyumba za watu kama mimi. Nikisikia mlango umebamizwa mtaa wa tatu, nakuambia nani kamkosea nani na watapatana lini. Ndiyo maana wiki iliyopita niliwaapia kwamba mke wa Mwokaji, akiisha kutukanwa kidevu mbele ya wateja, angemmwagia wifi yake beseni la unga kichwani.

Hakumwaga. Hata kijiko.

Basi yafute hayo ya mwanzo, tuendelee.

Wewe ambaye gazeti hili limekufikia likiwa limefungiwa sabuni, nakupa yaliyopita kwa haraka. Mwokaji ana tanuri la mikate, na mbele yake duka. Usiku anaoka, asubuhi mkewe anauza. Miaka yote maisha yao yalikuwa hayo. Kisha Mwokaji akaingia umri ule ambao tumbo linatangulia mlangoni, mwenyewe anafuata. Nguvu zikamkimbia. Kitandani akawa kama mgeni wa heshima: anasalimia, analala.

Akaenda kupimwa, akaambiwa homoni yake ya kiume iko chini. Ile wasomi wanaiita testosteroni. Akaapa mbele ya mkewe: hatachoma sindano, hatameza kidonge. Ataacha bia, atapunguza tumbo, atalala vya kutosha, magunia ya unga atayabeba mwenyewe. Njia ya asili. Mke akafurahi.

Ila tangu hapo mambo yakageuka. Mume anachangamka, na mke anaota nywele kidevuni. Sauti yake ikashuka kama ndoo inayoteremka kisimani. Na ndipo dada mkubwa wa Mwokaji alipoingia dukani, akasimama katikati ya wateja, akamnyooshea kidole.

"Mtazameni," alirudia Dada Mkubwa, kama kuna mtu alikuwa bado anatazama mikate. "Mwanamke mzima ana ndevu kuliko mdogo wangu."

Mke wa Mwokaji aliweka chini mkate alioushika. Akajipapasa kidevu taratibu.

"Ni kweli, wifi. Zipo. Leo nimeng'oa moja. Ijayo nikuhifadhie?"

Fundi viatu wa jirani, aliyekuwa anatafuna skonsi kabla hajailipia, alikohoa makombo hadi kaunta.

"Chekeni," alisema Dada Mkubwa. "Ninyi mnacheka, mdogo wangu anaisha. Huyu anakunywa dawa za wanaume. Anataka awe bwana humu ndani. Kwani mnadhani kwa nini mume alipimwa akakutwa yuko chini, na yeye ndiye anapanda? Nguvu za mwanamume hazipotei hewani. Zinaenda mahali."

Wateja waliacha kuchagua mikate.

"Kumbe yuko chini?" fundi viatu aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyeokota pochi barabarani.

Mke wa Mwokaji alishika ukingo wa kaunta. Ndevu alizistahimili. Hili lilimkata.

"Nani alikuambia habari za vipimo vya mume wangu?"

"Mwenyewe. Mdogo wangu hanifichi kitu."

"Haya. Sasa hajafichika kwa yeyote."

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mwokaji akatoka na fulana ya ndani, unga kwenye nyusi, macho mekundu. Saa hiyo alitakiwa awe amelala.

"Kuna nini? Mtu halali humu kwa domo."

"Pole sana, bwana," alisema fundi viatu. "Tumesikia uko chini."

Mwokaji aligeuka. Hakumtazama dada yake. Alimtazama mkewe.

"Umewaambia?"

"Muulize dada yako."

"Nimesema kwa kukutetea," alidakia Dada Mkubwa. "Mwanamke anakumaliza na wewe unamkandia unga."

Hapo ndipo mwanaume mwenye akili angemshika dada yake mkono, amtoe nje, amfungie mlango, arudi kumwomba mkewe radhi. Mwokaji alijikuna bega.

"Lakini dada ana hoja," akasema. "Hebu isikie sauti yako. Juzi umeniita kutoka uani, nikadhani fundi bomba kaja."

Wateja wakaangua kicheko. Hata bibi mmoja aliyekuja na kikapu, ambaye hasikii vizuri, alicheka kwa kuwafuata wenzake.

Mke wa Mwokaji hakucheka. Na hapo, wasomaji wangu, ndipo nilipotegemea unga. Badala yake alifungua aproni, akaikunja mara mbili, akailaza kando ya mizani.

"Tutapimwa damu," akasema. "Wote wawili. Na wewe, wifi, utakuwepo usikie kwa masikio yako."

"Na damu yako ikikutwa na dawa ya kiume?"

"Nitatoka humu kwa miguu yangu. Kaunta utakaa wewe. Mume utampikia wewe."

"Na mtoto?"

Mtoto ni kitinda mimba wao, msichana mdogo ambaye bado anavaa viatu mguu siyo. Wakati huo alikuwa chini ya kaunta anamlisha mwanasesere makombo. Mama yake alimtazama, kisha akatazama kwingine.

"Mtoto atabaki kwa baba yake."

"Mmesikia," alisema Dada Mkubwa, akigeukia watu. "Fundi, wewe shahidi."

"Mimi nilikuja kununua skonsi," alisema fundi viatu. Lakini hakuondoka.

"Na mimi nipimwe ya nini?" aliuliza Mwokaji. "Mimi nilishapimwa."

"Unaogopa sindano?"

"Siogopi."

"Basi vaa shati."

* * *

Damu ilitolewa, wakaambiwa majibu yasubiriwe. Na kusubiri kwenyewe kulikuwa vita.

Dada Mkubwa hakungoja majibu. Alihamia na mto wake wa kukalia, akauweka juu ya kiti cha kaunta, akaanza kuwauliza wateja kama mikate iliyooza huwa wanairudisha. Mto ulikuwa wa zambarau, na akiukalia unapumua kama mtu mwenye pumu.

"Wifi, hicho kiti bado kina mwenyewe," alisema mke wa Mwokaji.

"Nakipasha moto tu."

"Kilishapashwa. Kiko karibu na tanuri."

Mchana Mwokaji alipokuja chumbani kulala, alimkuta mkewe anapanga nguo za mtoto kabatini. Hapangi kwa kuhama. Anapanga ili atakayekuja baada yake aelewe ipi ya kulalia na ipi ya kutokea. Kazi hiyo aliifanya bila kulia, na mimi nawaambia, mwanamke akipanga nguo za mtoto bila kulia, jua kuna mtu ameshamfukuza moyoni.

Mwokaji alikaa kitandani.

"Tuache haya ya damu," akasema. "Nitazungumza na dada. Wewe nyoa hicho kidevu, yaishe."

"Ninyoe?"

"Wanawake wengi wananyoa. Hawasemi tu."

"Na sauti ninyoe na nini?"

Mwokaji akajikuna kidevu chake. Kisha akavua fulana, kama kila siku, akamgeuzia mgongo. Na yeye mke, kama kila siku, akafungua kopo la mafuta, akachota, akampaka mabegani na mikononi, akimkandakanda yale mafundo yanayoota kwa watu wanaoinamia unga usiku kucha. Hata siku ile aliyotukanwa alimpaka. Sijui ninyi mnaliitaje jambo hilo. Mimi naliita ujinga, lakini nimewahi kuufanya.

"Unaniamini kwamba sijameza kitu?" alimuuliza, mikono bado iko mabegani.

"Lala na wewe kidogo," alijibu Mwokaji. "Umechoka."

Hilo halikuwa jibu, na mke alijua.

* * *

Chumba cha daktari kilikuwa chembamba. Kitanda cha ngozi iliyochanika, mizani ya kupimia uzito, na ukutani picha ya figo zilizofifia mpaka zikawa kama maharage mawili. Kulikuwa na viti vitatu. Daktari alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyopandishwa kichwani na uso wa mtu aliyeulizwa swali lile lile tangu asubuhi.

Dada Mkubwa alikwenda moja kwa moja kwenye kiti kilicho karibu na meza.

"Wewe ndiye mgonjwa?" daktari aliuliza.

"Mimi ni dada."

"Basi simama."

Akasimama. Nilitamani kuwepo.

"Mama, haya ni mambo ya mwili wako," daktari alimwambia mke wa Mwokaji. "Unataka watoke?"

"Wakae. Ndiyo sababu wamekuja."

Daktari alishusha miwani, akasoma, akapandisha tena.

"Damu yako ina homoni ya kiume nyingi kupita kiasi. Mwanamke anakuwa nayo, ndiyo, lakini ni kidogo sana. Hii yako ingemtosha mwanamume."

Dada Mkubwa hakupiga kelele. Alitoa pumzi ndefu, kama mtu aliyevua viatu vya kubana.

"Fungasha," akasema.

"Sijameza kitu, daktari," alisema mke wa Mwokaji. "Sijachomwa kitu. Muulize mume wangu. Analala na mimi, anakula na mimi, angeniona."

Wote wakamgeukia Mwokaji. Mwokaji alikuwa anasoma sakafu.

"Mimi mchana nakuwa usingizini," akasema. "Siwezi kujua kila kitu."

Haya, mmemsikia. Mke akachukua mkoba wake. Akasimama.

"Tulipatana," akamwambia wifi yake. "Mtoto hapendi uji wa moto. Umpoozee."

"Kaa," alisema daktari. "Sijamaliza. Nina karatasi mbili hapa, nimesoma moja. Baba, na wewe uko juu."

Mwokaji aliinua kichwa kama maua yaliyomwagiwa maji.

"Niko juu?"

"Juu sana."

"Si unaona, dada?" Akapiga paja. "Njia ya asili hiyo. Daktari, mimi bia nimeacha. Mchana nalala, dirishani nimetundika blanketi juu ya pazia, giza totoro. Mayai, samaki, kunde. Magunia nabeba mwenyewe, vijana nimewaambia wasiguse. Tumbo hili ungeliona mwaka jana, ungesema nimebeba tanuri."

"Ni kweli?" daktari alimuuliza mke.

"Ni kweli," alijibu mke wa Mwokaji, maana hakuwa mtu wa kusema uongo hata kwa mtu aliyetoka kumtupa. "Hayo yote anafanya."

Wanaume mnaosoma hapa kwa kujifanya mnatafuta ukurasa wa mpira, tegeni sikio, hili ni bure.

"Vizuri sana," alisema daktari. "Kila mwanaume wa umri wako angefanya hivyo angeniokolea kazi nyingi. Usingizi, kupunguza tumbo, kunyanyua vizito, kuacha pombe, hivyo ndivyo mwili unavyolinda homoni yake. Ila hii niliyoikuta kwako haikuletwa na usingizi wala kunde."

"Sasa imeletwa na nini?"

"Kichwani kuna tezi ndogo. Kazi yake ni kupeleka amri kwenye korodani: tengenezeni. Nimeipima ile amri. Kwako haipo. Wewe unaoka mikate?"

"Naoka."

"Mtu akikuletea mikate ya kutoka kwingine, akakujazia duka mpaka dari, tanuri utaliwasha?"

"La nini? Nitalizima."

"Umeshalizima."

Mwokaji alitazama chini ya mkanda wake bila kutaka.

"Unaingiza homoni kutoka nje," daktari aliendelea. "Mwili umeona ghala limejaa, umefunga kiwanda. Tanuri la hivyo likikaa baridi muda mrefu, kuliwasha tena ni shughuli. Korodani zenyewe zinasinyaa."

Dada Mkubwa aliziba masikio. "Daktari, mimi ni dada yake."

"Si mmoja wenu alitaka usikie?"

"Mimi sichomi sindano," alisema Mwokaji. "Naapa. Kidonge sijui hata rangi yake."

"Nakuamini. Na mkeo namwamini. Basi kuna kitu kinachogusa ngozi zenu wote wawili."

Mke wa Mwokaji alikuwa bado amesimama na mkoba. Polepole aliugeuza mkono wake mmoja, akatazama kiganja.

"Mafuta," akasema.

"Mafuta gani?"

"Ya mgongo. Akitoka kwenye tanuri nampaka mabegani kabla hajalala. Kila siku, tangu alipoanza hiyo njia yake ya asili. Kwa mikono hii."

"Bila glavu?"

"Nimpake mume wangu na glavu?"

Daktari akaacha kuandika.

"Nani aliyaleta hayo mafuta?"

Mwokaji alisogeza kiti nyuma. "Mpwa wangu."

Mpwa wake ni Kifua, mtoto wa huyo huyo Dada Mkubwa, anayefundisha watu kunyanyua vyuma. Kama hamumkumbuki mtamjua kwa fulana: huwa ananunua ya mtoto. Na siku hiyo alikuwa hapo nje kwenye benchi, maana ndiye aliyemleta mama yake kwa gari.

Uso wa Dada Mkubwa ulibadilika rangi kama chai inayotiwa maziwa.

"Mwanangu hahusiki na haya."

"Mwite," alisema daktari.

"Ana kazi."

"Yuko kwenye benchi anajipiga picha," alisema mke wa Mwokaji. Akafungua mlango mwenyewe. "Kifua. Njoo, mwanangu. Mjomba wako anakuhitaji."

Kifua aliingia ubavu ubavu, maana mlango ule ulijengwa kwa ajili ya watu. Akatoa salamu. Hakuna aliyeitikia.

"Yale mafuta ya mjomba wako ni nini?" aliuliza daktari.

"Jeli tu, dokta. Ya kupandisha. Yaani, ya kumsaidia." Akamtazama mama yake. "Haina madhara. Watu wengi wanatumia."

"Kopo lina karatasi ya maelezo?"

"Ilibanduka."

"Ilibanduka yenyewe?"

Kifua akakunja mikono. Ilichukua muda, ilikuwa mikono mingi.

"Mjomba alikuja kwangu," akasema. "Alisema yuko chini, hana raha, nimfanyie mpango wa haraka. Mimi nikamfanyia."

"Mwongo wewe." Mwokaji alisimama hadi kiti kikaanguka. "Uliniambia ni ya mgongo. Nilikulalamikia mgongo, ukanipa kopo, ukasema paka mabegani. Dada, si ulikuwepo?"

Dada Mkubwa alitazama mdogo wake upande huu, na mwanawe upande ule. Wala hakuchelewa.

"Mimi sikusikia kitu."

"Ulikuwepo, dada. Ulikuwa unakula keki yangu."

"Nilikuwa nakula. Sikusikia. Na wewe mtu mzima na kipara chako, unamwekea lawama mtoto?"

"Mtoto? Ana shingo kama gogo."

"Usimtukane mwanangu. Tanuri lako umelizima mwenyewe."

Hapo wakaanza. Dada alimkumbusha mdogo wake kwamba alikojoa kitandani mpaka akajua kusoma. Mdogo mtu akamkumbusha dada kwamba mumewe wa kwanza aliondoka na mswaki tu, na hata huo akaurudisha kwa posta ili asiwe na cha kumdai. Kifua akasema yeye ana wanafunzi wanamsubiri. Daktari akagonga meza kwa kitako cha kalamu.

Katikati ya yote hayo Mwokaji akaketi kwenye kiti cha mkewe, akajifunika uso kwa mikono.

"Mwana wa dada yangu mwenyewe," akasema, na sauti ikamkatika. "Kanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kamgeuza mke wangu hivi, na mimi nikamcheka mbele ya watu. Mbele ya fundi viatu."

Machozi yalikuwepo. Niliulizia sana jambo hilo kabla ya kuandika. Yalikuwepo.

Mke wa Mwokaji alimtazama. Kisha akaweka mkoba chini. Akaweka mkono wake juu ya bega la mumewe, akakumbuka, akauhamishia juu ya goti.

"Basi," akasema. "Tumedanganywa wote wawili. Twende nyumbani."

"Na ahadi yako?" Dada Mkubwa aliuliza. Mtu huyu hachoki.

"Ulisema nakunywa dawa za wanaume, wifi. Sijanywa. Nimeambukizwa kwa kumhudumia mdogo wako, na kopo limetoka mikononi mwa mwanao. Ukifika dukani, chukua mto wako."

Ninyi mliokuwa mnangoja unga, huo ndio unga.

"Hivi kile kipimo cha mwanzo," alisema daktari, "kilichosema uko chini. Ulipima saa ngapi?"

"Asubuhi, kama walivyoniagiza."

"Usiku wake ulilala wapi?"

"Nilale? Mimi mwokaji. Nilitoka kwenye tanuri nikaenda moja kwa moja, hata unga sikujipangusa."

Daktari alivua miwani kabisa, akaiweka mezani.

"Tunaposema asubuhi, tunamtaka mtu aliyetoka kulala. Wewe ulikuwa unakwenda kulala. Homoni hii mwili unaitengeneza zaidi usingizini. Mtu ambaye hajalala, na siku hizo ulikuwa hulali vizuri hata mchana, lazima aonekane chini. Tena kipimo kimoja hakitoshi, hurudiwa. Inawezekana kabisa hukuwa umepungukiwa na chochote isipokuwa kitanda."

Mwokaji akaachama.

"Kwa hiyo zile bia nilizoacha, na lile blanketi dirishani..."

"Vilikuwa vinatosha. Pengine ungengoja kidogo tu."

"Kitanda tunacho," alisema mke wa Mwokaji, na kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze akacheka, kicheko kizito cha chini chini kilichowashangaza wote, na yeye mwenyewe. Goti la mumewe bado lilikuwa mkononi mwake.

Ningeweza kuishia hapo. Mhariri angefurahi, mngelala vizuri. Lakini daktari alikuwa na swali la mwisho.

"Hiyo jeli muiache leo. Baba utarudi hapa, tutakufuatilia. Mama, nywele zitapungua. Sauti siwezi kukuahidi." Akavaa miwani. "Nyumbani kuna mtoto mdogo?"

Mkono wa mke uliruka kutoka kwenye goti mpaka kifuani.

"Yupo. Wa kike."

"Mtoto hatakiwi kabisa kugusa kitu hiki. Mwili wake unaweza kuanza kubadilika kabla ya wakati. Amewahi kumpanda baba yake mabegani akiwa ameshapakwa? Kumlalia?"

"Mungu wangu." Mke wa Mwokaji alisimama. "Yule hukaa mwilini mwa baba yake kama kupe. Mimi huwa nakwenda dukani, nawaacha. Daktari, kama amemgusa? Kama ameshaanza?"

Mwokaji, kwa haraka ya mume anayetaka kutuliza, akamshika mkono.

"Tulia. Hajagusa."

"Umejuaje?"

"Hajagusa hata kidogo. Mtoto nilimkataza kabisa. Nikishapakwa hanikaribii mpaka nimeoga, na shati nalala nalo, la mikono mirefu, nimefunga vifungo vyote. Hilo nimelishika tangu siku ya kwanza. Mtoto yuko salama, mke wangu."

Daktari aliacha kalamu yake hewani.

Kifua akageuka kutazama zile figo za ukutani, kwa makini, kama kuna mtihani.

Dada Mkubwa, ambaye tangu nianze kuwaletea hadithi hii hajakosa neno, alikosa.

Mke wa Mwokaji alikuwa bado anapumua kwa faraja, kheri, mtoto mzima. Kisha ile faraja ikamwishia usoni kidogo kidogo. Akautoa mkono wake katika mikono ya mumewe, kidole kimoja kimoja.

"Mafuta ya mgongo," akasema.

"Nini?"

"Yalikuwa mafuta ya mgongo. Ulidanganywa. Sasa ulimkataza mtoto kwa nini?"

Mwokaji alifungua mdomo. Akamtazama mpwa wake amsaidie neno, na mpwa wake akazidi kuzisoma figo.

"Tangu siku ya kwanza," alisema mkewe, kwa sauti ile nzito. "Mtoto ulimfungia vifungo vyote. Mimi ulinigeuzia mgongo, ukanipa kopo."